Nusu ya ng'ombe wa Afrika wana nagana? Jibu kwa mkulima wa Nachingwea

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Nachingwea. Malipo ya msimu uliopita yalipoingia nilinunua ng'ombe kumi na mmoja kwa wafugaji wa Kisukuma upande wa Liwale, sita kati yao maksai wa kulimia. Sasa watatu wanakonda ingawa wanakula, na jike mmoja katika hao ametupa mimba. Ofisa mifugo alichukua damu ya hao watatu shingoni, akaitazama kwa hadubini, akasema hakuna nagana. Jirani yangu, mfugaji wa siku nyingi, anacheka. Anasema nusu ya ng'ombe wa Afrika wana nagana, kwa hiyo niwachome wote dawa ya Berenil kila mwezi, nisipoteze muda na vipimo. Nimsikilize nani? Na ugonjwa huu umeenea kiasi gani hasa?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ofisa wako amesema alichokiona, na jirani yako naye hakutunga. Lakini wote wawili wamekupa jibu bila kukuambia lilipimwaje, na kwenye nagana, ugonjwa wa kimelea cha damu kinachoenezwa hasa na ndorobo, hapo ndipo penye shughuli. Ng'ombe kumi na mmoja walewale, siku ileile, wanaweza kuonekana hawana mgonjwa hata mmoja, au wana watatu, au wana saba, kutegemea chombo kilichotumika.

Hiyo nusu ya jirani yako nadhani najua inakotoka. Kuna vipimo vya aina tatu, na kila kimoja hujibu swali lake. Hadubini hutafuta kimelea chenyewe kikiwa hai au kimepakwa kwenye kioo. Kipimo cha vinasaba hutafuta chembechembe za kimelea hata kikiwa kichache mno. Kipimo cha kingamwili hutafuta alama ya vita: mwili wa ng'ombe umewahi kupambana na kimelea hiki, basi. Ng'ombe aliyepona, au aliyetibiwa muda si mrefu uliopita, bado ataonekana kwenye kipimo cha kingamwili. Ukipita na kipimo hicho kwenye vijiji vya pembezoni mwa pori, kukuta nusu ya kundi si jambo la kushangaza. Ukirudi na hadubini kwenye kundi hilohilo utapata wachache tu, na ukipima vinasaba mara nyingi utapata mara mbili au tatu ya wale wa hadubini. Mtu akichukua moja ya tarakimu hizo akaitangaza kuwa ni ya "Afrika", amechanganya mambo.

Kwa bara zima, kinachoweza kusemwa kwa uhakika zaidi ni ukubwa wa eneo. Ndorobo, nzi wanaoeneza nagana, au mbung'o kama wengine mnavyowaita, wanaishi katika ukanda wa karibu kilomita za mraba milioni 10 kusini mwa Sahara, katika nchi zipatazo 37. Makadirio yanayorudiwa mara nyingi katika maandiko ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ni kwamba ng'ombe wapatao milioni 50 wako hatarini, kwamba karibu milioni 3 hufa kila mwaka, na kwamba dozi milioni 35 za dawa hutumika kila mwaka. Hizo tarakimu nimezisikia tangu nikiwa mwanafunzi na bado zinarudiwa vilevile, kwa hiyo zichukue kama picha ya ukubwa, si hesabu ya duka. Angalia pia kwamba "walio hatarini" na "walioambukizwa" ni mambo mawili tofauti. Ndani ya ukanda huo kuna zizi lisilo na mgonjwa hata mmoja, na kilomita ishirini mbele, ng'ambo ya mto wenye kichaka, kuna zizi ambalo robo yake wanaumwa.

Kuna jambo jingine ambalo asilimia hazilionyeshi, na mikoa yetu ya Lindi na Mtwara ni mfano mzuri kuliko mingi. Kiwango cha ugonjwa hupimwa mahali penye ng'ombe. Pale ndorobo walipojaa kupita kiasi, ng'ombe hawapo kabisa, na hakuna wa kumchukua damu. Wazee wa Kimwera, Kimakua na Kimakonde hawakuwa wafugaji wa ng'ombe, na wala haikuwa uvivu. Pori lilikuwa limekaa hivyo. Huko Liwale kwenyewe, katika miaka ya 1940, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wa upande wa magharibi kwa sababu iliyotajwa kuwa malale, yaani ugonjwa wa ndugu wa kimelea hikihiki kwa binadamu, na ardhi ikaongezwa kwenye pori la Selous. Ukiandika leo kwamba eneo fulani la kusini lina "maambukizi ya chini", uliza kwanza: ni ya chini kwa sababu nzi ni wachache, au kwa sababu waliougua wamekwisha kufa na waliobaki wamechomwa sindano wiki iliyopita?

Ng'ombe wengi tunaowaona sasa Kilwa, Liwale, Nachingwea na kwingineko walikuja na wafugaji waliohamishwa kutoka bonde la Usangu kuanzia 2006, na wengine wamefuata baadaye kwa miguu yao. Wamepita mapori mengi. Kwa hiyo ng'ombe uliowanunua hawabebi historia ya Nachingwea, wanabeba historia ya njia yao. Zebu, yaani ng'ombe wetu mfupi wa kienyeji, anaweza kukaa na vimelea miezi mingi akiwa anatembea na kula. Kisha unamfunga jembe, au anashika mimba, au majani yanakauka mwezi wa tisa, na ugonjwa unaibuka. Mnunuzi anadhani ng'ombe ameugulia kwake.

Sasa turudi kwa hao watatu. Kwa nini hadubini haikuona kitu?

Hesabu kidogo. Tone linalowekwa chini ya kioo ni kama mikrolita 5, yaani sehemu moja ya mia mbili ya mililita. Ng'ombe aliyeugua muda mrefu anaweza kuwa na vimelea mia moja tu katika mililita ya damu. Hiyo ni nusu ya kimelea kwa tone. Ofisa anaweza kuwa na macho ya tai na bado asione kitu, kwa sababu hakimo kwenye kioo. Kwa kawaida tone bichi huhitaji maelfu ya vimelea kwa mililita ndipo uone. Ukizungusha damu kwanza kwenye kimrija chembamba ndani ya mashine, kisha ukatazama utando mweupe unaokaa kati ya chembe nyekundu na majimaji, unashuka hadi mamia kadhaa. Hiyo ni tofauti kubwa kwa kazi ya dakika chache tu za mashine.

Pia vimelea haviko sawa kila siku. Vinabadilisha ganda lao la nje kila kinga ya mwili inapolitambua, kama mwizi anayebadili shati kila akifika kona. Kinga inaua wengi, wachache waliobadilika wanazaana, homa inapanda, kisha inashuka tena. Ukichukua damu siku ya bonde unakosa, siku ya kilima unapata. Halafu vimelea vya nagana viko vya aina tatu kuu. *Trypanosoma congolense*, ambayo ndiyo inayosumbua sana ng'ombe wa upande wetu wa Afrika, hupenda kung'ang'ania kwenye kuta za mishipa midogo. Damu ya mshipa mkubwa wa shingo inakuwa na vichache. Mwombe ofisa achome ncha ya sikio, achukue ya hapo. *Trypanosoma brucei* nayo huingia kwenye nyama na majimaji ya mwili, na kwenye damu inaonekana kwa nadra. Inayobaki, *Trypanosoma vivax*, ina tabia ya kusafirishwa hata na pange na nzi wauma wa mazizini bila ndorobo kuwapo, ndiyo maana imefika hadi Amerika Kusini ambako ndorobo hawajawahi kukanyaga. Kwa hiyo hata mtu wa Mtwara mjini asiyeona ndorobo mwaka mzima asijione amesalimika.

Kwa ufupi, kioo kisicho na kimelea kwa ng'ombe aliyekonda hakimaanishi kwamba ng'ombe ni mzima. Kimelea kikionekana, amini. Kisipoonekana, endelea kutafuta. Na wale wanane waliobaki hawajaguswa kabisa.

Lakini sitaki nikuvutie upande wa jirani yako bila haki. Kukonda kunaletwa na mengi. Minyoo ya tumbo huleta upungufu wa damu unaofanana sana na wa nagana, na minyoo ya ini pia, hasa kama mnanyweshea kwenye madimbwi yenye konokono. Ndigana baridi hufanya hivyohivyo. Hiyo, pamoja na ndigana kali na ugonjwa wa kukojoa damu, huletwa na kupe, na kupe ana miguu minane, si mdudu kama nzi, ingawa kwenye zizi wanakuja pamoja na mara nyingi ng'ombe mmoja ana vyote. Ndigana kali haikondeshi polepole. Homa kali, mitoki inavimba chini ya sikio na mbele ya bega, pumzi inakuwa ya shida, mara amekufa. Mimba kutoka nako kuna sababu zake, na mojawapo ni ugonjwa wa brusela, ambao unaambukiza watu kupitia maziwa mabichi na kondo la nyuma. Kabla ya kuihukumu nagana kwa mimba hiyo, chemsheni maziwa na asiguse mtu uchafu wa uzazi kwa mikono mitupu. Vimelea vingine vinavyosambazwa na nzi, kama minyoo ya macho na ile inayofanya uvimbe chini ya ngozi, vipo, lakini havitakuangushia maksai.

Dalili za nagana zenyewe unazijua nusu: anakula lakini hanenepi, nywele zimesimama, machozi, mitoki ya bega imevimba kidogo, ufizi na kope ndani zimekuwa nyeupe, anachoka jembe likiwa halijamaliza mistari mitatu. Hakuna moja kati ya hizo inayotosha peke yake.

Ningekuwa zizini kwako ningepima kitu kimoja kwa ng'ombe wote kumi na mmoja: wingi wa chembe nyekundu, ile ambayo maabara huandika PCV. Ni kimrija kilekile, mashine ileile, bei ndogo. Ng'ombe mwenye afya yuko juu ya asilimia 24 au 25, na wengi wa zebu wetu wakiwa wazima utawakuta karibu 30 na kupanda. Kinachonisumbua zaidi ni wastani wa kundi. Ukikuta wale watatu wana 18 lakini wanane wana 32, tatizo ni la hao watatu, tafuta minyoo na uwatibu. Ukikuta kundi zima limekaa 23 au 24, hapo kuna kitu kinalinyonya kundi lote, na kwa ng'ombe waliotoka Liwale mimi ningeshuku nagana kwanza. Kipimo hiki hakitaji jina la ugonjwa, lakini kinakuonyesha ukubwa wa hasara, na hicho ndicho ulichouliza.

Kutuma damu Mtwara mjini kwenye kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari (TVLA) kunawezekana, ila fikiria barabara. Kutoka kwako hadi Masasi, kisha karibu kilomita 200 za Masasi hadi Mtwara, juani. Damu ikifika jioni vimelea vimekufa, na utando ule wa kwenye kimrija hauna tena cha kuonyesha kinachotembea. Afadhali ofisa apake kioo palepale zizini na kukikausha kwa kileo cha maabara, kisha aweke matone mengine kwenye karatasi ya chujio ikauke kivulini. Kioo kitatiwa rangi, karatasi itatumika kwa kipimo cha vinasaba. Vyote viwili vinavumilia safari ya basi.

Kuhusu Berenil kila mwezi kwa wote: hapana. Dawa hiyo, diminazini, inaua vimelea vilivyomo leo na inatoka mwilini upesi. Haikingi mwezi mzima. Unachofanya kwa kuchoma ovyo ni kuviacha hai vile vilivyozoea. Usugu wa dawa hizi umekwisha kuripotiwa katika nchi nyingi za Afrika, na hapa kwetu pwani ya Tanga kulikuwa na ranchi ya Mkwaja, kubwa, iliyoendeshwa miongo kadhaa ikitegemea dawa hizi katikati ya ndorobo. Usugu ukajitokeza, ufugaji ukafungwa, na eneo likaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Hao walikuwa na wataalamu wa kudumu na mahesabu. Sisi tunachoma kwa kukadiria kwa macho.

Na kukadiria ndiko kunakotuumiza. Dozi ya kawaida ni miligramu 3.5 kwa kila kilo ya uzito. Pakiti ndogo ya gramu 2.36 ina dawa yenyewe gramu 1.05, inayotosha ng'ombe mmoja wa kilo 300. Wafugaji wengi huigawa kwa maksai wawili. Kila mmoja amepata nusu ya dozi, na vimelea vimepata mazoezi. Nunua utepe wa kupimia kifua ili ukadirie uzito, na usichanganye dawa kwa maji ya mtoni.

Nenda hivi. Wale watatu watibiwe kwa dozi kamili kwa uzito wao, baada ya damu kuchukuliwa. Siyo kabla. Wapewe na dawa ya minyoo siku nyingine, ili ujue kipi kimesaidia. Wiki tatu au nne baadaye pima tena chembe nyekundu. Zikipanda kutoka 18 hadi 26, umepata jibu la nusu, kwa maana diminazini pia huua vimelea vya ugonjwa wa kukojoa damu. Zisipopanda, ama dozi ilikuwa ndogo, ama kuna usugu, ama si nagana. Maksai watakaokwenda kulima pembezoni mwa pori wanaweza kupewa isometamidiamu, wengi mnaijua kama Samorin, inayokinga miezi miwili hadi minne kulingana na dozi na wingi wa nzi. Ichomwe ndani kabisa ya msuli na mtu anayejua, kwa sababu huacha uvimbe. Dawa hizi mbili hutumiwa kwa kupokezana kwa makusudi, ili vimelea vilivyoponyoka moja vikutane na nyingine.

Kwa upande wa nzi, hapa wengi wanapoteza fedha. Kama unaogesha kwa amitrazi, unaua kupe tu. Ndorobo haimgusi. Unahitaji dawa ya jamii ya deltamethrini au sipamethrini, ambayo inafanya kazi kwa kupe na nzi pia. Na si lazima uloweshe ng'ombe mzima. Ndorobo hupenda kuuma miguu na tumbo, hasa ya ng'ombe wakubwa, kwa hiyo kupuliza miguu na chini ya tumbo ya maksai na majike wakubwa kunatumia sehemu ndogo ya dawa na kunaua nzi wengi. Ndama waache wapate kupe wachache, wajenge kinga yao, ila ukiona homa usisubiri. Ukisema na majirani mfanye pamoja, nzi wanapungua kweli. Ukifanya peke yako, nzi wa jirani wanahamia.

Usitegemee wataisha. Ndorobo jike huzaa buu mmoja tu kila siku tisa au kumi, kwa hiyo ni rahisi kupunguza idadi yao, lakini nyati, ngiri, pongo na tandala wa Selous na wa mapori ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule wanawalisha na kubeba vimelea bila kuumwa. Unguja walifaulu: nzi wa mwisho wa porini alikamatwa 1996, kwa madume tasa waliozalishwa Tanga na kuachiwa kwa ndege. Hapo palikuwa na kisiwa na aina moja ya nzi. Wewe una Liwale mgongoni.

Chunga malisho, basi. Kiangazi nzi hujibana kwenye vichaka vya mito, na mchana ndio wanauma. Ukiwanywesha maji ya kisima nyumbani badala ya kuwapeleka mtoni saa sita, umewaepusha na kuumwa kwingi kuliko sindano yoyote. Chini ya mikorosho iliyopaliliwa, kwa maoni yangu, ni pazuri zaidi kuliko bondeni. Na mchungaji wako akipata homa isiyoonekana malaria, amwambie mganga wa zahanati kwamba anaumwa na ndorobo, maana ng'ombe wanaweza kubeba kimelea cha malale bila kuonyesha.

Mpigie simu yule Msukuma aliyekuuzia. Muulize aliwachoma nini na lini, kisha andika tarehe hiyo kwenye daftari kwa kila ng'ombe. Kama alichoma Berenil wiki mbili kabla ya kukuuzia, ofisa akijua hivyo atasoma kioo kwa namna nyingine, na mimi pia nitakujibu kwa namna nyingine ukiniandikia na matokeo ya PCV.